Mashimo Meusi Yanawahusu Watu wa Ziwa Tanganyika

Katika mijadala ya elimu nchini Tanzania limeenea dai ambalo mikoa ya pembezoni kama Kigoma hulisikia mara nyingi zaidi, kwamba utafiti na ufundishaji wa mashimo meusi na nyota zilizoshindiliwa ni anasa ya mataifa tajiri. Wanaolishikilia, ambao wengi wao ni watu wenye nia njema na uzoefu mrefu wa kazi za maendeleo, husema kwamba mkoa ambao vijiji vyake vingine bado vinachota maji ziwani, na ambao shule zake nyingi hazina maabara, hauna sababu ya kuwafundisha watoto habari za vitu vilivyo umbali wa maelfu ya miaka ya nuru, mwaka mmoja wa nuru ukiwa ni mwendo wa mwanga kwa mwaka mzima, yaani takriban kilomita trilioni 9.5. Huongeza kwamba elimu hiyo ni ya kigeni, kwamba haifundishiki kwa Kiswahili, na kwamba kijana atakayeimudu ataishia kuhamia ng'ambo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dai hilo, katika sehemu zake zote nne, halina msingi, na kwamba linawanyima watoto wa Kigoma na Ujiji kitu ambacho wao, kwa mahali walipo na kwa lugha waliyo nayo, wana haki nacho sawasawa na mtoto yeyote duniani.

Kwanza ni sharti kukieleza kinachobishaniwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya upinzani hutokana na kutokijua. Nyota ni tufe la gesi yenye moto mkali linaloishi kwa mizani ya nguvu mbili, yaani uzito wake wenyewe, ambao kwa nguvu ya mvutano huibana kuelekea kiini, na msukumo wa joto linalozalishwa humo kiinini, ambao huisukuma kuelekea nje. Mkazi wa Kigoma anao mfano wa mzigo huo mbele ya macho yake, kwa sababu Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na maji ya chini kabisa hubeba uzito wa maji yote yaliyo juu yake, hata mgandamizo wa huko ukakaribia mara 150 ya mgandamizo wa hewa ya ufukweni. Kiini cha Jua nacho hubeba mzigo wa namna hiyo hiyo, ila wake ni wa mara bilioni mia mbili na ushei ya mgandamizo huo wa hewa. Nyota ikiishiwa na kile inachochoma, msukumo wa nje hupungua na uzito hushinda, na hapo ndipo zinapozaliwa nyota zilizoshindiliwa, yaani mabaki ya nyota ambamo mata nyingi mno (mata ni kile kinachokipa kitu uzito wake) imebanwa katika nafasi ndogo mno.

Mabaki hayo ni ya aina tatu. Aina ya kwanza ni kibete cheupe, chenye mata inayokaribia ya Jua katika umbo lisilozidi sana ukubwa wa Dunia. Kimojawapo huizunguka Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku na ambayo inatajwa katika Surat An-Najm, kwa hiyo jina lake si geni katika madrasa za Ujiji. Mwaka 1844 mtaalamu wa falaki Friedrich Bessel alitambua kwamba Shira inayumba polepole angani kana kwamba inavutwa na mwenzi asiyeonekana, akatangaza kuwa mwenzi huyo yupo. Mwaka 1862 Alvan Graham Clark wa Marekani, alipokuwa akiijaribu darubini mpya, akamwona mahali palepale alipotarajiwa. Aina ya pili ni nyota ya nyutroni, inayotokana na kuporomoka kwa kiini cha nyota kubwa, na ambayo huwa na mata ya Jua moja na nusu hivi ndani ya tufe lenye kipenyo cha kilomita 24, kiasi ambacho kingeweza kulala kati ya Ujiji na vilima vya Gombe. Ukubwa wa kushindiliwa huko huonekana vizuri kwa kulitazama ziwa lenyewe: maji yote ya Tanganyika, ambayo ni takriban kilomita za ujazo 18,900, yakibanwa kwa kiwango cha nyota ya nyutroni yangeenea katika madumu mawili na nusu ya lita 20, na uzito wa madumu hayo ungekuwa uleule wa ziwa zima.

Aina ya tatu ni shimo jeusi. Kitu chochote kikirushwa juu hurudi chini isipokuwa kimefikia kasi ya kuponyoka, ambayo kwa Dunia ni kilomita 11.2 kwa sekunde, na kwa Jua ni takriban kilomita 618 kwa sekunde. Mata ikizidi kubanwa, kasi hiyo hupanda mpaka ikaipita kasi ya mwanga, ambayo ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, na tangu hapo hakuna kinachotoka, hata mwanga wenyewe. Mpaka wa eneo hilo huitwa upeo wa matukio, kwa kuwa tukio lolote linalotokea ndani yake haliwezi kujulikana nje. Kwa kila mata ya Jua moja, nusu kipenyo cha upeo huo ni kilomita 3, maana yake ni kwamba Jua lote, kama lingeweza kubanwa hivyo, lingekuwa na upana wa kilomita 6, ambao ni kama mwendo wa kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji.

Sasa hoja ya kwanza, hoja ya anasa, yaweza kupimwa. Wanaoitoa huwaza kwamba kusoma mashimo meusi ni kujenga mitambo ya mabilioni, wakati kiini cha elimu hii ni ustadi wa kukipima kisichoonekana kwa kutumia kinachoonekana, na ustadi huo hauhitaji zaidi ya ubao, chaki na mwalimu anayeelewa. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu, na hivyo ndivyo alivyofikiri Bessel alipomjua mwenzi wa Shira kabla hajaonekana. Mvuvi wa Kibirizi au Katonga, ambaye hawaoni dagaa walio chini ya maji meusi ya usiku lakini huwajua kwa namna wanavyoifuata taa yake, na ambaye hupumzisha nyavu siku za mbalamwezi kwa kuwa mwanga wa mwezi mpevu huiondolea taa nguvu ya kuwakusanya, anaishi kwa hoja ya aina hiyo hiyo. Mwanafunzi anayejifunza kuifuata hoja hiyo hatua kwa hatua, kutoka dalili hadi kipimo, amejifunza jambo litakalomfaa akiwa daktari anayesoma dalili za ugonjwa, akiwa mhandisi anayetafuta maji chini ya ardhi, au akiwa mtafiti anayekadiria wingi wa samaki ambao hawezi kuwahesabu mmoja mmoja.

Tena hesabu za manufaa zenyewe haziwaungi mkono wapinzani. Nadharia ya Einstein ya mvutano, ambayo ndiyo iliyozaa dhana ya shimo jeusi, ndiyo inayosahihisha saa za setilaiti zinazoonyesha mahali kwenye simu na kwenye vyombo vinavyovuka ziwa kuelekea Kalemie na Uvira. Saa hizo hutangulia zile za ardhini kwa mikrosekunde 38 kila siku, na kama tofauti hiyo isingerekebishwa, kosa la mahali lingekua kwa takriban kilomita 10 kwa siku. Mtaalamu wa Australia John O'Sullivan na wenzake, ambao katika miaka ya 1970 walikuwa wakitafuta mawimbi ya redio kutoka mashimo meusi madogo yanayolipuka, hawakuyapata, lakini mbinu za hesabu walizozizoea katika kusafisha ishara hafifu ziliingia baadaye katika teknolojia ya Wi-Fi. Mifano hii inatosha kuonyesha kwamba anayesema kwamba elimu hii haina faida amekwisha kuitumia faida yake kabla hajamaliza sentensi.

Hata hivyo, kuitetea elimu kwa faida zake za baadaye pekee ni kumpa mpinzani nusu ya uwanja, kwa sababu dai la anasa limebeba dhana nyingine iliyo nzito zaidi, kwamba maskini ana haki ya kujua yale tu yatakayomjaza tumbo, na kwamba udadisi ni mali ya aliyeshiba. Historia ya Kigoma yenyewe inaikanusha dhana hiyo. Julai 1960 Jane Goodall, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alifika Gombe kuwatazama sokwe, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa ameshuhudia sokwe akichomeka unyasi ndani ya kichuguu ili kuvua mchwa, jambo lililowalazimisha wanasayansi kuufikiria upya mpaka kati ya mwanadamu na mnyama. Kazi hiyo haikuanza kwa ahadi ya kulisha kijiji chochote, bali kwa swali, na leo hakuna mtu wa Kigoma anayesema kwamba Gombe ni anasa. Anayeikubali kazi ya Gombe na kuikataa elimu ya nyota hana kipimo anachokifuata, isipokuwa mazoea.

Hoja ya kusubiri, ambayo ni ndugu wa hoja ya anasa, husema kwamba maji, barabara na dawa vije kwanza, kisha falaki ifuate. Lakini elimu hii yenyewe haikuzaliwa kwa kusubiri. Karl Schwarzschild, mwanafalaki wa Ujerumani aliyekuwa jeshini katika Vita Kuu ya Kwanza, aliukokotoa ufumbuzi wa milinganyo ya Einstein unaolieleza shimo jeusi mwishoni mwa mwaka 1915, na ukachapishwa mwaka 1916, mwaka uleule aliofariki. Mwaka 1930 Subrahmanyan Chandrasekhar, kijana wa miaka 19 kutoka India iliyokuwa chini ya ukoloni, alikokotoa akiwa melini kuelekea Uingereza kwamba kibete cheupe hakiwezi kubeba mata inayozidi kiwango fulani, ambacho leo hujulikana kuwa mara 1.4 ya Jua, na kwamba kikizidi hapo lazima kiporomoke. Arthur Eddington, mkubwa wa falaki wa enzi hiyo, alilipinga wazo hilo hadharani London mwaka 1935, lakini hesabu za kijana huyo zilisimama, na mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Nobel. Wala askari aliyekuwa vitani wala mwanafunzi kutoka koloni hakungoja shibe, na elimu ya mashimo meusi imejengwa juu ya kazi za watu hao wawili.

Hoja ya pili ni kwamba elimu hii ni ya kigeni. Hoja hii husahau kwamba Kiswahili kina neno falaki, na kwamba wazee wa pwani na wa Ujiji, mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, walizitaja buruji kwa majina ya Kausi, Akarabu na Thauri, wakaziita sayari Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, na wakaitumia Kilimia kujua majira ya kulima. Hesabu ya mwezi mwandamo, nyakati za swala na mwelekeo wa kibla ni falaki ya kila siku. Ni kweli kwamba falaki hiyo ya kale haikuyajua mashimo meusi, lakini wala falaki ya Ulaya haikuyajua mpaka jana, na mlango ambao elimu mpya hupitia ni uleule wa mtu kuinua macho, kuhesabu na kuandika.

Zaidi ya hayo, elimu ya mashimo meusi ilipiga hatua yake kubwa kutoka kwenye maji ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya Marekani yenye uzito wa takriban kilo 140 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitalia walikuwa wamelisimika baharini karibu na Malindi, na kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa Dunia huisukuma roketi kwa nguvu zaidi, na ambako setilaiti huweza kuzunguka huku ikikwepa maeneo yenye chembe nyingi za mionzi zinazoweza kuvuruga vipimo vyake. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuitazama mbingu kwa miali ya eksirei, ambayo hutolewa na gesi iliyochemka kwa mamilioni ya nyuzi za joto inapoangukia nyota ya nyutroni au shimo jeusi, na ambayo haiwezi kutazamwa kutoka ardhini kwa sababu hewa huizuia.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Katika kundinyota la Bata Maji, chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kilionekana kikibadilika mwanga ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kwa kuwa kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja haraka kuliko mwanga unavyoweza kukivuka, ilikuwa dhahiri kwamba kitu hicho ni kidogo sana. Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, wakapima nyota kubwa iliyo jirani nacho na kukuta inamzunguka mwenzi asiyeonekana kila siku 5.6, mwenzi mzito kupita kiasi kinachoweza kubebwa na nyota ya nyutroni. Leo inakadiriwa kuwa ana mata ya Jua mara 21. Chanzo kingine, Centaurus X-3, kilionekana kikipiga kama mapigo ya moyo kila baada ya sekunde 4.84, na mapigo hayo yakikaribiana na kuachana katika mzunguko wa siku mbili na kitu, kama vile sauti ya honi ya boti inavyopanda boti inapokaribia gati na kushuka inapoondoka, na hiyo ikawa dalili ya nyota ya nyutroni inayozunguka na mwenzake. Orodha ya nne ya Uhuru ina vyanzo 339, na vingi vyake bado hutajwa kwa alama ya 4U, ambapo herufi U husimama badala ya neno hilo la Kiswahili, Uhuru. Kutoka jukwaa hilohilo ilirushwa Oktoba 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, ambayo mwaka uliofuata iligundua mlipuko wa A0620-00, mahali ambapo baadaye palithibitika kuwa na shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Lakini somo la Uhuru halipaswi kuishia katika fahari ya jina. Neno lilitoka Afrika Mashariki, roketi ikaondokea Afrika Mashariki, ila takwimu zilichambuliwa kwingine na watu wengine, kama vile vipimo vya nyota ambavyo wasafiri wa Uingereza, Speke aliyefika Ujiji mwaka 1858, na Livingstone aliyekutana hapo na mwandishi wa habari Stanley mwaka 1871, walivichukua, vikapelekwa London na kuwa ramani za wenyewe. Kilichokosekana mara zote mbili ni watu wa mahali hapa waliofundishwa kuzisoma hesabu hizo. Kwa hiyo anayesema elimu hii ni ya kigeni anayataja matokeo ya kutofundishwa na kuyageuza kuwa sababu ya kutofundisha, na huo ni mzunguko ambao hautavunjika wenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo inayowaumiza wanafunzi zaidi, kwa kuwa inawadharau: kwamba hesabu za mashimo meusi ni nzito mno kwao, na kwamba Kiswahili hakizibebi. Jibu lake ni kuifanya hesabu yenyewe. Katika kitovu cha Njia Nyeupe, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota ambao Jua letu ni mojawapo, ipo nyota iitwayo S2 inayokizunguka kitu kisichoonekana katika muda wa miaka 16, na wastani wa umbali wake kutoka kitu hicho ni takriban mara 1,000 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Kanuni ya mwanafalaki Kepler husema kwamba, kwa vipimo hivyo vya miaka na vya umbali wa Dunia na Jua, umbali ukipandishwa kipeo cha tatu na kugawanywa kwa muda uliopandishwa kipeo cha pili, jawabu ni mata ya kinachozungukwa, ikihesabiwa kwa mata ya Jua. Elfu moja kipeo cha tatu ni 1,000,000,000; kumi na sita kipeo cha pili ni 256; na bilioni moja ikigawanywa kwa 256 jawabu ni 3,906,250. Mata ya karibu Jua milioni 4 imekaa mahali padogo kuliko mzingo wa nyota hiyo, wala haionekani ikiwaka. Hesabu hii, ambayo mwanafunzi wa sekondari huimaliza kwa mistari mitatu, ni kiini cha kazi iliyowapa Reinhard Genzel na Andrea Ghez Tuzo ya Nobel mwaka 2020, pamoja na Roger Penrose aliyetuzwa kwa nadharia. Ugumu wa kazi yao ulikuwa katika kuipima nyota hiyo kwa subira ya miongo mitatu, na picha ya kivuli cha kitu chenyewe, iliyotangazwa tarehe 12 Mei 2022, ililingana na jawabu hilo.

Hesabu hiyo imeandikwa hapa kwa Kiswahili bila ya kupungukiwa na chochote, na hilo lenyewe ni ushahidi. Mtaala wa fizikia wa kidato cha nne kwa miaka mingi umekuwa na mada ya falaki ya msingi, lakini mada hiyo husomwa kwa Kiingereza ambacho wanafunzi wengi hukariri bila kukielewa, na kwa kuwa huja mwishoni, mara nyingi hupitwa mbiombio. Mwalimu wa Ujiji anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwamba nuru ya taa hufifia kwa mraba wa umbali, hata taa ya mtumbwi ulio mbali mara mbili ikaonekana hafifu mara nne, na akawapeleka wanafunzi ufukweni usiku wa giza kuzitazama taa za wavuvi zilizotandaa ziwani, amewapa kanuni ileile ambayo wataalamu huitumia kupima umbali wa nyota, na wanafunzi hao hawataisahau. Kiswahili kinasemwa Kigoma, Bujumbura, Uvira na Kalemie, na lugha inayotosha kuendeshea biashara ya pande zote hizo za ziwa inatosha kuelezea mvutano. Istilahi ambazo bado hazijakubalika zitakubalika kwa kutumiwa darasani na vitabuni, kama zilivyokubalika zile za sheria na za tiba.

Hoja ya nne, ya kuhama kwa wataalamu, ina ukweli ndani yake na haifai kupuuzwa, kwa kuwa Chandrasekhar mwenyewe aliishia Chicago na India ikabaki kumtaja kwa mbali. Lakini madaktari na wahandisi nao huhama, na hakuna aliyependekeza kuvifunga vyuo vya tiba. Kinachopendekezwa kwao ni nafasi, mishahara na vifaa, na dawa hiyo hiyo ndiyo inayofaa hapa. Tena fizikia ya nyota ina unafuu ambao fani nyingine hazina, kwa sababu takwimu za setilaiti nyingi za eksirei huwekwa wazi kwa watu wote baada ya muda mfupi, na mtafiti mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzichambua akiwa Kigoma kama anavyoweza akiwa Boston. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilicho katika mji wa magharibi mwa Uganda ulio mbali na pwani na mbali na makao makuu ya nchi, kimekuwa kikifundisha fizikia ya nyota hadi ngazi za juu. Nchini Tanzania, Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amekuwa kwa miaka mingi akiwaeleza wananchi mambo ya anga, na kazi hiyo inastahili warithi wengi.

Majirani hawakungoja. Mpango mkubwa wa darubini za redio unaoongozwa Afrika na Afrika Kusini ulizishirikisha nchi nane, nazo ni Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Tanzania haimo, ingawa inapakana na tatu kati ya hizo, na mojawapo, yaani Zambia, inaligusa Ziwa Tanganyika lenyewe pale Mpulungu. Namibia imechaguliwa kuwa mahali pa darubini itakayojiunga na mtandao unaopiga picha za mashimo meusi. Nchi hizo nazo zina vijiji visivyo na maji ya bomba, na hazikuona kwamba kumchimbia mwananchi kisima kunazizuia kumfundisha mtoto wake.

Haidaiwi hapa kwamba darubini kubwa ijengwe juu ya vilima vya Kigoma, ambako masika huleta mawingu ya miezi mingi na kiangazi huleta moshi wa mashamba, wala kwamba fedha za zahanati zigeuzwe vioo. Kinachodaiwa ni kidogo na kinawezekana: kwamba mada ya falaki ifundishwe kwa ukamilifu na kwa lugha inayoeleweka, kwamba walimu wa fizikia wa mikoa ya pembezoni wapewe mafunzo ya kuifundisha, kwamba vitabu vya Kiswahili vya fani hii viandikwe na wanaoijua, na kwamba vyuo vikuu vya nchi vifungue nafasi za utafiti wa nyota zilizoshindiliwa, ambazo takwimu zake tayari ziko wazi. Mzazi wa Ujiji naye asiambiwe kwamba binti yake ameota ndoto ya watu wengine pindi anapouliza ni nini kilichomo ndani ya shimo jeusi.

Genzel, ambaye taasisi yake iko karibu na Munich, alilazimika kwenda Chile kukipima kitovu cha Njia Nyeupe, kwa kuwa huko kwao hakipandi zaidi ya nyuzi 13 hivi juu ya upeo wa macho. Juu ya Ujiji, katika miezi ya kiangazi kuanzia Juni hadi Agosti, kitovu hicho hupita kila usiku nyuzi 24 tu kutoka utosini mwa anga, juu ya taa za wavuvi, na mtoto yeyote anayeweza kugawanya bilioni moja kwa 256 anaweza kujua uzito wa kilichomo.